Siku mbili Morogoro na mke wangu, bila watoto: nisaidieni ratiba

Bwana_Stoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mkazi wa Kinyerezi, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mke wangu ni muuguzi, na mwezi huu wote kapangiwa zamu za usiku. Tuna watoto wawili, mmoja ana miaka sita na mwingine mitatu. Tangu huyu wa pili azaliwe hatujawahi kulala nje ya nyumba sisi wawili, ukiondoa usiku mmoja wa msiba Kilosa, na huko mimi nililala chini ya turubai na wanaume wenzangu, yeye ndani na akina mama.

Wiki mbili zijazo tunatimiza miaka minane ya ndoa. Mama mkwe amekubali kuja kukaa na watoto kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili usiku. Anayemjua mama mkwe wangu ataelewa kwamba nafasi hii hairudi mara mbili. Nilifikiria Zanzibar, nikapiga hesabu ya boti na vyumba, nikafunga daftari. Bagamoyo tumeshakwenda na kwaya mpaka tunaijua miembe kwa majina. Nikaona Morogoro ndiyo saizi yangu, hasa sasa kuna treni ya SGR. Mimi Morogoro naijua ya dirisha la basi tu: Msamvu, maji, korosho, twende.

Bajeti yangu ni laki nne, kila kitu ndani. Ratiba niliyopanga hii hapa:

Ijumaa mke wangu anatoka zamu asubuhi, analala mpaka mchana, jioni tunapanda treni. Jumamosi saa 12 asubuhi tunaanza kupanda Morningside, mchana tunashuka Rock Garden, saa 10 sokoni, usiku tunatafuta muziki wa dansi. Jumapili saa 11 alfajiri tunaondoka kwenda Mikumi kuona wanyama, saa 8 tumerudi mjini, tunakula, jioni treni ya kurudi Dar.

Nataka iwe sapraizi. Begi lake nitapanga mimi mwenyewe usiku akiwa kazini. Kitambulisho chake cha NIDA nimeshakipiga picha kwa ajili ya kukata tiketi, na nimekirudisha kwenye pochi bila yeye kujua.

Naombeni ushauri: ratiba imekaa sawa? Nikae upande gani wa mji? Na kuna kitu gani mtu wa Dar hakijui kuhusu Moro mpaka kimpate?

---

Mtoto_wa_Bigwa

Mkuu, hiyo ni ratiba ya wapendanao au mafunzo ya JKT?

Nitarudi kukujibu vizuri usiku. Kwa sasa futa Mikumi.

---

Sista_Zamu_C

Kaka, mimi ni muuguzi kama shemeji, naandika haya nikiwa kituoni saa 8 usiku, kwa hiyo nisikilize.

Mtu anayetoka mwezi mzima wa zamu za usiku hana asubuhi. Mwili wake unajua kwamba saa 12 asubuhi ndiyo muda wa kwenda kulala. Wewe unataka muda huo awe amevaa raba anapanda mlima! Atapanda, kwa sababu anakupenda, na atakununia kuanzia jiwe la kwanza.

Halafu hilo la begi. Mume wangu aliwahi kunifanyia sapraizi kama yako, tukaenda Tanga. Tulipofungua begi nikakuta vitenge vitatu, gauni la harusi ya mdogo wake ambalo lilishanibana tangu siku ya harusi yenyewe, na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Kofia ya kulalia hakuna, mafuta hakuna, nguo za ndani aliweka moja. Nilimuuliza, "Hii moja ni ya siku gani?" Akasema alidhani nyingine ziko kwenye mfuko wa pembeni. Ziliwekwa na nani?

Mwambie mapema. Mwanamke akijua Jumatatu kwamba Ijumaa anasafiri, safari inaanza Jumatatu hiyohiyo. Atasuka nywele, atapanga nguo, atakuwa anacheka peke yake wodini. Ukimficha, hizo siku nne umemnyang'anya.

---

Konda_Mstaafu

Mimi nitasema la usafiri. SGR ni nzuri sikatai, lakini msidharau basi. Ukienda kituo cha Magufuli pale Mbezi, basi la Moro hulikosi saa yoyote, huhitaji NIDA wala nini, na linakushusha Msamvu, karibu kabisa na mji. Treni inakuacha Kihonda, bado uanze kuongea na bajaji.

---

Bwana_Stoo

Mkuu Konda, foleni ya Ijumaa jioni kutoka Mbezi mpaka kuipita Kibaha unaijua mwenyewe. Mara ya mwisho niliondoka Mbezi saa 10 jioni nikaona taa za Chalinze saa 2 usiku. Sitaki mke wangu aanze maadhimisho akiwa amekaa nyuma ya lori la saruji.

Sista, nimekusoma. Hilo la nguo za ndani limenitisha. Naendelea kutafakari.

---

Konda_Mstaafu

Lori la saruji si ndilo linakulisha huko stoo? Liheshimu.

---

Mtoto_wa_Bigwa

Nimerudi. Nimezaliwa Bigwa, chini ya mlima kabisa, nimesoma Moro mpaka kidato cha nne, sasa niko Mwanza natafuta riziki. Mwaka jana nilimpeleka mke wangu akapaone kwetu, yeye ni mtu wa Sengerema. Kwa hiyo kuna ninayoyajua kwa kuzaliwa na kuna ninayoyajua kwa kuumia.

Treni kwanza. Konda ana haki yake, ila kwa wikiendi fupi nenda na treni. Kutoka Dar mpaka Moro ni kama saa moja na nusu na kidogo. Ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000, angalia kwenye mfumo wao wa tiketi kama haijabadilika. Wewe wa Kinyerezi usihangaike kwenda Stesheni mjini, panda pale Pugu. Angalia tu treni unayokata inasimama Pugu, maana zile za haraka haziokoti abiria kila kituo. Fika mapema, mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege. Na tiketi ya kurudi Jumapili jioni ikate siku hiyohiyo unayokata ya kwenda. Usijiambie "nitakata nikifika". Jumapili jioni nusu ya Moro inarudi Dar.

Ukishuka Kihonda madereva wa bajaji watakutajia bei ya mtu aliyeshuka kwenye treni ya umeme. Tembea taratibu kuelekea barabarani, bei itakufuata huku inapungua.

Mikumi nilisema futa, na sababu ni hii: kutoka mjini mpaka geti ni karibu kilomita 100 kwenda tu, lazima ukodi gari, ulipe kiingilio, halafu uzunguke mbugani. Kwa laki nne ukifanya Mikumi utalala stendi. Tena barabara kuu ya Iringa inakatiza mbuga kama kilomita 50 hivi. Siku ukipita na basi kwenda Mbeya utawaona twiga na nyani bure, umekaa. Mikumi ipe wikiendi yake, mwaende na watoto.

Sasa mji wenyewe. Moro inaitwa mji kasoro bahari, na wenyeji wanalitaja jina hilo kwa majivuno, ila mimi naona wamejipunja. Bahari mnayo nyie, lakini maji mnayooga huko Kinyerezi ni ya Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia Uluguru. Kila asubuhi unajimwagia kwetu bila kusema asante.

Mlima ndio kila kitu. Ukae upande unaouona: juu ya mji kuelekea Boma Road, Kilakala, au huku kwetu Bigwa. Ukikaa Msamvu utaona mabasi. Asubuhi mlima una ukungu mpaka kiunoni, saa 4 unavuliwa shuka, mchana unauona mpaka minara ya kule Bondwa, jioni unajifunika tena. Mtu anayekaa Dar anaweza kutazama hiyo picha siku nzima asichoke, hasa kama ana kiti.

Morningside ni jengo la zamani la Wajerumani huko juu. Njia yake inapita kwenye mashamba ya mboga na vijiji, inazidi kuwa ya baridi kila unapokata kona. Kwa miguu kutoka mjini ni nusu siku kwenda na kurudi kwa mtu anayepumzikapumzika, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu ni sabuni. Unaweza kupunguza kwa boda mpaka sehemu. Boda wa huko wanashuka wamezima injini ili kubana mafuta, unasikia upepo tu na breki zinalia. Mwambie kabisa kabla hujakaa: "Injini iwake." Mkitaka kuingia msituni, ile ni hifadhi ya mazingira asilia, kuna kibali na ada, ulizieni ofisi za misitu mjini. Ila kwa nyie wawili mimi naona msikariri kufika. Pandeni mpaka mtakapochoka, geukeni, tazameni mji na Bwawa la Mindu linavyong'aa kule chini, kaeni.

Rock Garden imekaa kwenye njia hiyohiyo ya kupandia. Kuna mawe makubwa na mto unapita katikati. Nenda mchana wa jua, vueni viatu.

Soko: Soko Kuu la Chifu Kingalu, hili jipya la ghorofa lililozinduliwa 2021. Nenda asubuhi kama unataka kuona mboga za Mgeta zinashushwa. Na stroberi. Hapa kuwa makini: kikopo kinapangwa nyekundu kubwa juu, chini unakuta nyeupe ndogo kama kokoto. Kiinue, kitazame kitako. Muuzaji akikasirika, ondoka.

Muziki: umesema unataka dansi. Ndiyo, huu ni mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Lakini Mbaraka alifariki 1979, mkuu. Bendi ya moja kwa moja utaipata kwa kuuliza wiki hiyohiyo, si kwa kukumbuka. Baba yangu kila mgeni akija anamwambia "hapa palikuwa panapigwa", anaonyesha duka la simu.

La mwisho ndilo niliumia. Tulipata hoteli kwa picha za mtandaoni, chumba "kinachotazama Uluguru". Sitaitaja. Tukafika, dirisha linatazama ukuta, na ukuta ni wa ukumbi, na ndani ya ukumbi Jumamosi hiyo kuna sendofu. Saa 4 usiku MC ndiyo kwanza anaita upande wa bibi harusi uingie kwa madaha. Tukajifunika mito. Saa 5 tukatoa mito. Ilipofika saa 6 mimi na mke wangu tumekaa kitandani tunawajua ukoo mzima: mjomba katoa friji, shangazi wa Ifakara katoa vyombo, na kuna ng'ombe mmoja kaahidiwa ila bado yuko Gairo. Mke wangu alipiga kigelegele kwenye lile friji. Asubuhi mhudumu anatuuliza, "Mmelalaje?" Mke wangu akamjibu, "Yule ng'ombe akifika mtuambie."

Kwa hiyo ukipiga simu hotelini usiulize kama kuna Wi-Fi. Uliza: mna ukumbi? Na Jumamosi hiyo una nini?

Kuhusu sapraizi namuunga mkono Sista. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama na ardhi inapita huko, mwanamume ndiye mgeni, kwa hiyo kumuuliza mwanamke tumezoea. Muulize.

---

Panda_Mbegu

Nimesoma SUA miaka minne na sijawahi kufika Morningside hata mara moja. Nilikuwa nasema nitapanda Jumamosi ijayo. Mkuu usiwe kama mimi.

Mkifika juu mkaona ndege mdogo wa mdomo mrefu uliopinda anachezea maua, mtazameni vizuri. Kuna aina ya chozi anayepatikana Uluguru tu, hayupo mlima mwingine wowote duniani. Mwalimu wetu alikuwa akimtaja anavua kofia.

---

Konda_Mstaafu

Sasa hivi mtamfanya mwenzenu aende na darubini. Bwana Stoo, beba sweta na hela ndogondogo. Basi.

---

Bwana_Stoo

Wakuu, nimemwambia. Juzi Jumatano, wakati anafunga viatu kwenda kazini. Nilitegemea ataruka. Alikaa kimya, akamaliza kufunga kamba, akauliza: "Nitaruhusiwa kulala mpaka niamke mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi twende." Mikumi nimefuta. Saa 12 asubuhi nimefuta. Begi anapanga yeye. Mrejesho Jumatatu.

---

Bwana_Stoo

MREJESHO

Wakuu, tumerudi salama. Nitaeleza kwa mpangilio, mimi ni mtu wa stoo, bila mpangilio naumwa kichwa.

Ijumaa tulipanda Pugu. Niliwahi sana kwa kuwasikiliza nyie, tukakaa kituoni mpaka mlinzi akatuzoea. Treni ilipoondoka nikaanza kumwonyesha mambo dirishani, kugeuka nakuta amelala begani kwangu, na hata Soga hatujafika. Nikaona nisitikisike. Mkono ulianza ganzi, ukaja kama si wangu, na mkono huohuo ndio ulikuwa upande wa simu, kwa hiyo sina picha hata moja ya njiani. Jirani alikuwa anamsimulia mwenzake kwamba hii kitu inakimbia mpaka 160 kwa saa. Mimi nilikuwa naomba ipunguze.

Kihonda bajaji alianza na elfu 10. Nikafanya kama Mtoto wa Bigwa alivyosema, tukatembea, tukaishia elfu 6.

Hotelini nilikuwa nimeshapiga simu kuuliza ukumbi. Dada wa mapokezi alicheka, akasema, "Ukumbi upo kaka, ila Jumamosi ni semina ya wachungaji." Nikaona nimeshinda. Wachungaji kweli hawakusumbua usiku. Walisubiri mpaka saa 12 asubuhi ndipo wakawasha spika. Mke wangu hakusikia hata neno moja la Bwana. Alilala kuanzia saa 3 usiku wa Ijumaa mpaka saa 6 mchana wa Jumamosi. Mara mbili nilikwenda kusikiliza kama anapumua.

Hizo saa zote nilikaa barazani na chai. Ni kweli mlima unavuliwa shuka. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali asubuhi nzima bila mtu kuniuliza kitu kiko rafu gani. Nyumba ya pili kulikuwa na mafundi wanashusha bati, za geji 30, nikajikuta nazihesabu. Walishusha 64. Fundi alisema 66. Nikanyamaza, nilikuwa mapumzikoni.

Mchana tulikwenda kwenye mawe na mto. Maji ya baridi mpaka kwenye mfupa. Tulikaa kwenye jiwe moja kubwa, miguu ndani, na hapo akaniambia kitu ambacho ningependa nikiache kwetu, ila kwa ufupi ni kwamba tangu mwezi wa tatu anafikiria kuomba kwenda kusoma ukunga, na fomu ameshaichukua, iko kwenye droo ya pale kazini. Miezi yote hiyo! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema amejaribu mara mbili. Mara ya kwanza mtoto alimwaga uji, mara ya pili mimi nilipokea simu ya mtu wa misumari. Nakumbuka ile simu. Misumari yenyewe haikununuliwa.

Tulikaa pale mpaka jua likaondoka kwenye jiwe letu, tukahamia jiwe la pili.

Muziki wa dansi hatukutafuta. Tulikula kuku wa kuchoma na ndizi, tukarudi tukalala saa 3 kama watoto wa shule.

Jumapili aliamka mwenyewe saa 2 asubuhi. Tukachukua boda wawili kupanda njia ya Morningside. Nilisema "injini iwake" kwa sauti mpaka yule kijana akaniuliza kama nimewahi kuanguka. Walituacha mahali njia inapobana, tukaendelea kwa miguu kama saa moja. Ni bustani za mboga kwenye miteremko ambayo mimi nisingeweza hata kusimama, watu wanalima wameinama kama wanaegemea ukuta. Mama mmoja alituuzia magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi yenye mdalasini, akatuwekea benchi. Ukungu ukashuka ghafla, ukafunika njia mbele yetu, baridi ikaingia mpaka kwenye sweta ya Konda (asante mkuu).

Mimi nilitaka kufika kwenye jengo la Wajerumani. Niliuliza, wakasema bado mwendo kidogo, na "kidogo" ya milimani mnaijua. Mke wangu akasema, "Mimi nimeshafika." Nilisimama pale kama dakika mbili natazama juu, natazama benchi. Nikarudi kwenye benchi. Ukungu ulipofunguka tuliuona mji wote, na lile bwawa kule mbali linang'aa kama bati jipya. Panda Mbegu, ndege mdogo tulimwona, mdomo umepinda, ila siwezi kukuapia kama ndiye.

Sokoni nilifika nikainua vikopo kutazama kitako, muuzaji akasema, "Wewe umeambiwa na mtu." Nilinunua vikopo viwili vya mama mkwe, na mboga za nyumbani.

Sasa ajali. Stroberi nilizibeba kwa uangalifu mkubwa, nikazipitisha ukaguzi, nikaziweka pembeni yangu kwenye siti. Mke wangu akalala tena kama kawaida, akaegemea, na tulipokaribia Pugu wakati wa kuchukua mizigo nikakuta kikopo kimoja kimebondeka kabisa na suruali yangu ya kaki imeharibika. Namsamehe, alikuwa amechoka. Mama mkwe alipata kikopo kimoja, akaonja moja, akasema ni chachu, akawapa watoto.

Hesabu: tiketi nne 52,000. Chumba usiku mbili 130,000. Bajaji na boda 44,000. Chakula na vinywaji 108,000. Stroberi na mboga 21,500. Kitenge cha mama mkwe 16,000. Jumla 371,500. Imebaki 28,500, nimemwachia yeye.

Asanteni sana wote.

---

Mtoto_wa_Bigwa

Magimbi na chai ya mdalasini. Mkuu umeniharibia usiku, niko Mwanza hapa nakula sato namwona hana maana.

---

Sista_Zamu_C

Mwambie shemeji fomu aitoe kwenye droo.

---

Mke_wa_Stoo

Habari zenu. Nimejiunga leo, huu ndio ujumbe wangu wa kwanza, na sijui kama nitaandika mwingine. Nawashukuru kwa kumwondolea ile Mikumi. Sista, fomu ninayo nyumbani, nimeshajaza ukurasa wa kwanza.

Ila kuna mambo ya kuweka sawa. Kitambulisho changu cha NIDA huwa kinakaa nyuma ya kadi ya bima. Siku aliyokipiga picha alikirudisha mbele. Na mama yangu alinipigia simu siku ileile aliyoombwa kuja, hata nusu saa haikupita, akaniuliza nimletee khanga gani nikisafiri. Kwa hiyo Jumatano wakati nafunga viatu nilikuwa najua siku ya sita. Nilinyamaza ili amalize sentensi yake, alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni.

Kwenye treni ya kwenda nililala kweli. Ya kurudi nilifumba macho tu, kwa sababu alikuwa ananisomea majina ya vituo.

Na kuhusu stroberi: alisimama kushusha begi, treni ikapunguza mwendo, akakaa. Muulizeni doa liko upande gani wa suruali.